Njia ya Maji Ndani ya Chuma

Geuza ndoo ya plastiki ya lita 20 kifudifudi, utazame kitako chake. Katikati kabisa utaona kidoti kidogo chenye kukwaruza. Hapo ndipo plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia, ikiwa na joto la nyuzi 230 hivi, ikatandaa kitakoni, ikapanda ukutani na kujaa mpaka kwenye ukingo unaoshika mfuniko. Safari hiyo ilikwisha ndani ya sekunde chache. Muda uliobaki kabla ya ndoo kutolewa ulikuwa wa kuisubiri ipoe. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu kinachotengenezwa kwa kudunga plastiki ndani ya moldi, kiti, kreti ya soda, hata kizibo cha chupa: kupoa hula zaidi ya nusu ya muda wa kazi, na mara nyingi hufika robo tatu.

Anayeingia kiwandani kwa mara ya kwanza huvutwa na mashine, na mashine inastahili kutazamwa. Ila sifa za leo nataka niwape watu ambao kazi yao huwa imekwisha kabla chuma hakijakatwa. Hukaa mbele ya kompyuta wakajenga moldi ambayo bado haipo, wakaidunga plastiki ambayo bado haijayeyushwa, wakapitisha maji kwenye mifereji ambayo bado haijatobolewa, kisha wakafuatilia joto linakwenda wapi na linakwama wapi. Huiga, kwa hesabu, kitakachotokea miezi kadhaa baadaye kwenye karakana ya mtu mwingine. Wakifaulu, hakuna anayejua: ndoo inakaa wima, mfuniko unaingia na kubana, mnunuzi anaenda zake. Naipenda kazi hii, na ningependa msomaji aione kwa karibu vya kutosha naye aipende.

Moldi ya ndoo ina sehemu kuu mbili. Lipo jike, lenye shimo linalounda uso wa nje, na lipo dume, linaloingia ndani ya shimo hilo na kuunda uso wa ndani. Kati yao hubaki uwazi wa milimita 2 hivi, na uwazi huo ndio ndoo yenyewe. Tuseme ndoo moja ina kilo 1 ya polipropilini. Kuishusha kutoka kwenye uji wa moto hadi kitu kigumu kinachoweza kushikwa ni kuiondolea takriban kilojuli 500. Ikiwa mashine inatoa ndoo moja kila sekunde 25, basi kilowati 20 za joto zinaingia kwenye chuma hicho usiku na mchana, na zote sharti zitoke. Ukitaka maji yasipande zaidi ya nyuzi 3 kati ya kuingia na kutoka, utahitaji karibu lita 95 kila dakika. Hesabu kama hii inahitaji kalamu na kipande cha karatasi tu. Fundi mzuri huanza nayo kabla hajawasha programu yoyote, ili ajue jibu linapaswa kuangukia wapi, na kompyuta ikimletea la ajabu alitambue mara moja.

Msingi wa hesabu zote hizi aliuweka Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake kuhusu joto kilichotoka mwaka 1822. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: joto hutoka penye moto likaenda penye baridi, na wingi wake hutegemea ukali wa mteremko wa joto hilo na uwezo wa kitu chenyewe kulipitisha. Kutoka hapo huzaliwa sheria ambayo hakuna mbunifu wa moldi anayeweza kuikwepa, nayo ni kwamba muda wa kupoa hukua kwa mraba wa unene. Chukua polipropilini iliyoingia na nyuzi 230, ukuta wa moldi una nyuzi 40, na hatutaki kuitoa mpaka katikati ya unene wake pafike nyuzi 90. Penye unene wa milimita 2, sekunde 7 hivi zinatosha. Penye milimita 3 utasubiri sekunde 16. Penye milimita 4, sekunde 28. Unene umeongezeka mara mbili, kusubiri kumeongezeka mara nne.

Ndiyo maana mwenye jicho la kazi hii, akipewa mchoro wa ndoo, hutafuta kwanza mahali palipojaa nyama: masikio yanayoshika mpini, makutano ya mbavu na ukuta, pete ya ukingoni. Mahali hapo pamoja ndipo patakapoamua mashine nzima isubiri muda gani. Gramu chache zilizorundikana kwenye sikio zinaweza kuiweka kilo nzima rumande. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupoza vizuri mara nyingi haihusu maji hata kidogo. Ni kumrudia aliyechora ndoo, kumwonyesha sehemu hiyo, na kumwomba aichimbe kwa ndani ili unene ulingane na jirani zake. Kuna wahandisi ambao nusu ya umahiri wao ni hapo tu, katika kujua lipi la kuomba kabla mambo hayajawa chuma.

Baada ya hapo ndipo maji huingia. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoongeza mwendo, ulifika mahali ukavurugika, rangi ikatapakaa bomba zima. Kutokana na jaribio lile tumerithi namba inayobeba jina lake, na kwa mtengenezaji wa moldi namba hiyo ni ya kila siku. Chini ya 2,300 maji hutiririka kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka. Juu ya 4,000 huwa yamevurugika. Wabunifu wengi hulenga 10,000 ili wasibahatishe. Kwenye mfereji wenye kipenyo cha milimita 10, maji ya nyuzi 20 hufika 10,000 yakipita lita 4.7 kwa dakika. Yakipita lita 1 tu, hubaki kama 2,100, na hapo kuna hasara kubwa.

Ili kuiona hasara hiyo, fuata joto linavyosafiri. Likitoka katikati ya plastiki kwenda kwenye maji hukuta vizuizi vitatu vilivyofuatana: plastiki yenyewe, chuma kilicho kati ya plastiki na mfereji, na utando mwembamba wa maji ulionata kwenye ukuta wa mfereji. Tukiupa upinzani wa plastiki ya milimita 2 alama 100, milimita 15 za chuma cha moldi zinapata takriban 10. Utando wa maji yaliyovurugika unapata 4 hivi. Utando wa maji tulivu unapata zaidi ya 80. Maana yake, kiwanda kinachopitisha maji kwa uvivu kimejiongezea kizuizi kinachokaribia plastiki yenyewe kwa ukubwa, ilhali kingeweza kukiondoa kwa kusafisha chujio au kufungua vali. Na ukoko wa chokaa wa milimita 1 tu, ule unaoachwa na maji ya chumvichumvi, unapata alama 10 nyingine, sawa na kuongeza milimita 15 za chuma ambazo hakuna aliyezichora.

Hesabu hiyohiyo inafundisha pia mahali pa kukoma. Maji yakishavurugika vizuri, kuongeza pampu mara mbili kutaishusha ile 4 ikawa 2 na kitu, wakati plastiki imebaki na 100 yake. Umeme umeliwa mara kadhaa zaidi, ndoo haijawahi hata kwa nusu sekunde. Kujua hivyo, na kuacha pampu ilivyo, ni ufundi kama ufundi mwingine wowote.

Mpaka hapa nimezungumzia haraka. Lakini anayeijua kazi hii kikwelikweli hupigania usawa kuliko haraka, na hiki ndicho kiini cha ninachotaka kusema. Uji ukipoa kwenye bakuli hupoa pembeni kwanza, ndiyo maana mtoto hufundishwa kupitisha kijiko ukingoni huku katikati kukiwa bado kunaunguza. Kwa uji hilo halina madhara. Kwa plastiki lina madhara, kwa sababu plastiki ikipoa husinyaa, na iliyopoa mapema haiwezi kuisubiri iliyochelewa.

Polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2 hivi. Mdomo wa ndoo wenye upana wa milimita 300 ukisinyaa asilimia 1.5 umepoteza milimita 4.5. Hilo si tatizo, kwani mchonga moldi hulijua na huongeza kipimo cha chuma mapema. Tatizo huja upande mmoja ukisinyaa asilimia 1.5 na mwingine asilimia 1.7. Tofauti hiyo ndogo ni zaidi ya nusu milimita kwenye mdomo uleule, na mduara huanza kuwa yai. Mfuniko wa ndoo ya rangi ya ukutani hauwezi kubana kwenye yai. Polipropilini ina tabia moja inayozidisha ugumu: ikipoa polepole, molekuli zake hupata muda wa kujipanga katika fuwele, na fuwele hukaa kwa kubanana zaidi. Kwa hiyo penye joto huchelewa kupoa, halafu husinyaa zaidi. Kosa moja la maji huadhibiwa mara mbili.

Pembe za kisanduku zinaonyesha jambo hili waziwazi. Kwenye pembe, upande wa nje wa plastiki hugusa chuma kingi, ila upande wa ndani hugusa ncha tu ya dume, na ncha hiyo ndogo hupokea joto kutoka kuta mbili kwa pamoja. Ncha hupata moto, plastiki ya upande wa ndani hupoa mwisho, na inaposinyaa huzivuta kuta zote mbili ziiname kuelekea ndani. Chukua kisanduku chochote cha plastiki cha bei nafuu, weka rula kwenye ukingo wake mrefu: mara nyingi utakuta umeingia ndani katikati. Rula hiyo imekusomea habari za mfereji ambao haukufika pembeni.

Zamani elimu hii ilikaa kwenye mikono ya mafundi wenye umri mrefu kazini. Walijua kwa kanuni za mkono: mfereji ukae umbali wa kipenyo chake mara moja na nusu hadi mara mbili kutoka kwenye plastiki, na kati ya mfereji na mwenziwe iwe mara tatu hadi tano. Kanuni hizo bado ni nzuri. Hata hivyo zilitungwa kwa ajili ya bamba lililonyooka, na dunia imejaa vitu vilivyopinda. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Cornell, New York, kulianza mradi wa utafiti ulioongozwa na K. K. Wang, wa kuiweka sayansi ya udungaji plastiki kwenye hesabu za kompyuta. Mwaka 1978, huko Melbourne, Australia, Colin Austin alianzisha kampuni ya Moldflow kwa wazo kwamba mtu aweze kujua plastiki itakavyojaa kabla ya kukata chuma. Mwaka 1995 ikaanza kampuni ya Taiwan inayotengeneza programu ya Moldex3D. Programu iliyozaliwa Cornell ilinunuliwa na Moldflow mwaka 2000, na Moldflow yenyewe ikanunuliwa na Autodesk mwaka 2008. Walianza na swali la plastiki inajaaje, wakaendelea na inapoaje, wakafika kwenye inapindaje. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa sababu kila swali hula majibu ya lililotangulia.

Kwa namna ya kazi, kompyuta huigawa moldi nzima katika vipande vidogo, mara nyingi vyenye nyuso nne, vinavyofikia mamilioni. Kwa kila kipande huandikwa mizania ya joto, kwa kanuni ya Fourier: joto lililoingia, likitolewa lililotoka, ndilo lililobaki. Milinganyo yote hutatuliwa kwa pamoja, kisha saa husogezwa mbele kidogo na kazi huanza upya. Hapa ndipo mkono wa fundi huonekana. Vipande vikubwa vinafaa kwenye kina cha chuma ambako joto hubadilika taratibu. Karibu na plastiki havifai kabisa, kwa kuwa ndani ya milimita 1, kutoka katikati ya unene hadi kwenye ngozi, joto huanguka karibu nyuzi 190. Hapo zinahitajika tabaka kumi au zaidi. Ukiweka tatu, programu haitalalamika. Itakuchorea picha nzuri yenye rangi za kuvutia, na picha hiyo itakuwa ya uongo.

Ipo pia hila ya kugusana. Ndoo inaposinyaa huachana na jike na kulikumbatia dume. Kati yake na jike huingia mwanya wa hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Kuanzia hapo dume hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi, na dume ndilo lenye nafasi finyu ya kupitisha maji. Mtu asiyejua haya huzipa pande zote mbili mguso uleule, akapata majibu yanayomfurahisha hadi siku ndoo ya kwanza inapotoka.

Basi tumtazame fundi akiwa kazini, na dume la ndoo likiwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta. Ni mnara wa chuma wenye kimo cha sentimita 37 hivi, umezungukwa na plastiki ya moto kila upande isipokuwa kwenye shina lake. Kichwa cha mnara kinatazamana na mlango wa plastiki, kwa hiyo kila tone la kilo ile moja linapita mbele yake. Katika jaribio la kwanza ametoboa mashimo marefu kutoka kwenye shina, na ndani ya kila shimo akasimamisha bamba jembamba linaloligawa nusu kwa nusu, ili maji yapande upande mmoja, yavuke juu ya bamba na kushuka upande wa pili. Anaiacha programu izungushe mizunguko mingi mfululizo, kwa kuwa moldi ikianza kazi huwa baridi na hupanda joto ndoo baada ya ndoo mpaka itulie. Inapotulia, tuseme ubavu wa dume una nyuzi 45 na kichwa kina 75. Nyuzi 30 kati ya kitako na ukuta wa ndoo ileile.

Hakimbilii kuongeza maji. Anafungua kwanza namba za kila mkondo, moja baada ya nyingine, na kugundua kwamba mashimo aliyoyaunganisha sambamba hayapati maji sawa. Maji hufuata mkondo: njia fupi imechukua sehemu kubwa, njia ndefu imebaki na kidogo hata namba ya Reynolds imeshuka hadi eneo la utulivu. Anaifuta mipango ile yote. Badala yake anachora mrija mmoja mnene katikati ya dume, unaopandisha maji moja kwa moja hadi chini ya kichwa, ili maji yenye ubaridi mwingi yakutane kwanza na chuma chenye joto jingi. Kutoka hapo maji yanamwagika pembeni na kushuka kwenye mfereji wa ond unaozunguka dume hadi shinani, umekatwa juu ya kiini kinachochomekwa kwa ndani. Kichwa kinashuka hadi 58.

Bado anataka zaidi, na kila njia ina mdai wake. Katikati ya kichwa anapataka yeye kwa ajili ya maji, ila panatakiwa pia na mbuni wa utoaji, anayehitaji vali ya hewa ya kuipuliza ndoo ichomoke kutoka kwenye dume. Akiusogeza mfereji karibu zaidi na uso, anakutana na nguvu: shinikizo la megapaskali 40 juu ya duara la sentimita 26 ni mzigo unaozidi tani 200, unaoshuka na kuondoka kila baada ya sekunde 25, na chuma chembamba juu ya mfereji kitachoka na kupasuka. Akichomeka kichwani kipande cha shaba iliyochanganywa na berili, joto litapita mara kadhaa zaidi kuliko kwenye chuma, ila kipande hicho ni laini kuliko chuma, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya atakayekisaga bila kinga. Anapima kila moja. Mwisho anaipa vali nafasi yake, anaizungushia maji kwa pete, anaweka kipande cha shaba kidogo tu mkabala na mlango, na kuusogeza mzunguko wa kwanza wa ond milimita 4 juu. Kichwa kinafika 50. Ubavu uko 45. Anarudia hesabu nzima kwa vipande vidogo zaidi, kuhakikisha kwamba zile nyuzi 5 zilizobaki ni za chuma na hazikuzaliwa na ukubwa wa vipande vyake.

Ninachostaajabia zaidi ni hatua hiyo ya mwisho. Alikuwa na jibu alilolitaka, na bado akalijaribu kulivunja. Anafunga hesabu kwa kulinganisha joto lililoletwa na plastiki na lililochukuliwa na maji. Kama havilingani, hataki kuona picha. Na siku moldi itakapofungwa kwenye mashine, ataomba kamera ya joto ielekezwe kwenye dume mara tu ndoo inapotoka, na vipimajoto vya themokapo kwenye maji ya kuingia na ya kutoka, ili aone alipokosea na arekebishe mguso aliokuwa ameukadiria. Wanaofanya hivi mwaka hadi mwaka huwa na kitu ambacho programu haiuzi.

Tangu miaka ya 1990, Emanuel Sachs na wenzake wa chuo cha MIT walipoonyesha kwamba moldi inaweza kujengwa tabaka kwa tabaka kutokana na unga wa chuma, mfereji hauhitaji tena kunyooka kama kekee. Leo leza huyeyusha unga huo na kuacha njia inayojipinda sawasawa na umbo la kitu. Kwa vitu vyenye vichochoro vingi, ni ukombozi. Kwa ndoo, ond iliyokatwa kwa mashine ya kawaida tayari imekumbatia umbo lake, na ni ya kufunguliwa na kusuguliwa. Mfereji wa leza wenye kona nyingi haupitishi fimbo ya kusafishia. Ukoko ukiingia humo, hutolewa kwa dawa na subira. Fundi mwema huuliza swali la usafi kabla ya kuagiza leza.

Swali hilo linatufikisha kwetu. Moldi nyingi zinazofanya kazi Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala zimechongwa mbali, na aliyezichora huenda aliandika kwenye programu maji ya nyuzi 12. Mnara wa kupozea maji hauwezi kuyashusha maji chini ya kiwango kinachoruhusiwa na unyevu wa hewa, na pwani, msimu wa joto, kiwango hicho huwa nyuzi 25 hivi. Nairobi, kwa mwinuko na ukavu wake, ina nafuu. Ukinunua chila, mashine ya kupoza maji, uyashushe hadi 12 ukiwa Dar es Salaam, unakutana na jambo jingine: hewa ya pwani huangusha umande kwenye chuma kilicho chini ya nyuzi 20 na kitu. Matone hujikusanya juu ya moldi, chuma hushika kutu, na ndoo hutoka na madoa. Kwa hiyo moldi ya pwani inastahili kuhesabiwa kwa maji ya pwani. Kwa ule ukuta wa milimita 2, chuma kikiwa na nyuzi 50 badala ya 40, ndoo huchelewa karibu sekunde 1. Kwenye mashine inayotoa ndoo kila sekunde 25 usiku na mchana, hizo ni ndoo zaidi ya 100 kwa siku.

Zana za kuuliza maswali haya hazimo tena mikononi mwa wachache. Elmer ya Finland na OpenFOAM ni programu za bure, na kompyuta ya kawaida ya chuo inatosha kutatua kipande cha dume na mifereji yake. Kijana wa uhandisi akipewa moldi moja ya kweli, kipima mtiririko na themokapo mbili, anaweza kujifunza ndani ya muhula mmoja mambo ambayo hayamo kwenye mhadhara.

Na mwenye kiwanda anayeagiza moldi ana la kufanya pia. Adai ripoti ya kupoza pamoja na michoro. Adai kuona, kwa kila mkondo wa maji, lita kwa dakika, namba ya Reynolds, shinikizo linalopotea na nyuzi zinazopanda. Adai tofauti ya joto kati ya dume na jike. Na juu ya yote, adai hesabu ifanywe kwa maji anayoyachota yeye, si ya huko moldi inakotoka. Aliyefanya kazi yake kwa uaminifu atafurahi kuulizwa, kwa sababu majibu anayo tayari. Asiyefanya ataanza kuitafuta kalamu, na hapo mnunuzi atakuwa ameokoa pesa yake kabla gramu moja ya chuma haijakatwa.